Magurudumu ya Kabongo

Kabongo, katika Katanga nchini Kongo, ilikuwa makao ya wafalme kabla ya kuwa kituo cha treni. Dola ya Waluba ilipogawanyika mwishoni mwa karne ya 19, upande mmoja ulimfuata Kasongo Nyembo na mwingine ukamfuata Kabongo, ambaye jina lake ndilo mji unalobeba hadi leo. Mizigo ya siku hizo ilisafiri vichwani mwa watu. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, ikapita Kamina kuelekea Ilebo mwaka 1928, lakini Kabongo ilingoja hadi 1956, reli ya Kamina ilipounganishwa na ya Kabalo.

Vita vya 1998 viliikata njia hiyo. Hapo ndipo baiskeli, yaani kinga kwa watu wa kwetu, ilipobeba mji mzima. Mbuji-Mayi, mji wa almasi, hula mahindi ya mikoa mingine, yakiwemo ya kwetu, na mahindi hayo yalipaswa kufika, treni iwepo isiwepo. Msukuma kinga hapandi: hulaza magunia juu ya fremu, hufunga mti kwenye usukani aushike vizuri, kisha hutembea kando ya mzigo wake kwa siku nyingi. Penye mlima hawezi peke yake. Wenzake huegesha zao, humsukumia hadi juu, halafu wote hurudi kuchukua ya pili. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kilikuwa chama cha kwanza cha barabara hii, ingawa hakikuwa na katiba wala muhuri.

Treni ilirudi baada ya vita, lakini si ya kutegemewa. Pikipiki za India na China zikaja kujaza pengo, na vijana waliokuwa wakisukuma wakaanza kuendesha. Huko Lubumbashi waendeshaji hao huitwa manseba. Vyama vikazaliwa penye maegesho: rais, mweka hazina, daftari la ada, sanduku la wagonjwa na la misiba, na likelemba, yaani mchango wa zamu, kwa anayetaka kununua pikipiki yake mwenyewe.

Kijana mpya huiona ada kama hasara, kwa kuwa kila jioni anadaiwa hesabu na mwenye pikipiki. Namwelewa, lakini namsihi ajiandikishe, maana njia yenyewe inahitaji ada hiyo. Mvua huanza Oktoba na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo maji huchimba makorongo katikati ya njia na kuchukua madaraja ya magogo. Serikali iliunda FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, mwaka 2008 ili ushuru wa mafuta utunze barabara, na zipo kamati za vijiji zinazofanya kazi hiyo kwa jembe na chepe. Ila njia ya pikipiki, ile nyembamba inayokwepa matope na kupita mashambani, hakuna ofisi inayoihesabu. Anayeijua ni anayeipita. Huko Québec, Kanada, waendeshaji wa pikipiki za theluji wana shirikisho tangu 1974: ada zao na kazi ya kujitolea ya wanachama ndizo zinazosawazisha njia zao kila msimu wa baridi. Sisi tuna matope badala ya theluji, na kazi ni ileile.

Kila chama na kitenge basi sehemu ya ada kwa magogo, misumari na siku ya salongo, yaani kazi ya pamoja, kabla ya mvua. Na wasukuma kinga nao waandikwe, kwa ada ndogo kuliko ya wenye injini, maana bado wako njiani na daraja likivunjika wao ndio wa kwanza kukwama.