Sijda ya Bibi na Mtoto wa Jicho



Harusi zetu za mwambao, iwe Unguja, Pemba au ng'ambo kule Ushongo wilaya ya Pangani, zinasimama juu ya macho ya bibi zetu. Wao ndio wanaosema hina imekolea au bado. Lakini bibi wengi siku hiyo humtambua bi harusi kwa sauti tu, maana mboni zimeshaingia weupe. Sisi tunasema, "Uzee huo," tunamsogezea kiti, basi. Ukimwambia aende hospitali, huenda akakujibu: "Nikipasuliwa jicho, nitasujudu vipi?"

Tusimcheke. Swali lake limeulizwa tangu zama za Masahaba.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, ipo lenzi iliyo wazi kama kioo. Ikipata ukungu, mwanga haupiti vizuri, na huyo ndiye mtoto wa jicho. Sababu kubwa ni umri. Kisukari, kuumia jicho, uvutaji wa sigara na kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu huuharakisha. Wako pia watoto wanaozaliwa nao. Hakuna matone wala miti shamba ya kuuondoa ukungu huo. Dawa yake ni upasuaji.

Tabibu wa zamani hawakujua kwamba ni lenzi. Walidhani ni maji yanayoshuka na kuganda nyuma ya mboni, ndiyo maana vitabu vya Kiarabu viliuita ugonjwa huu "maji". Tiba yao iliitwa qadh: tabibu aliingiza sindano jichoni, akaisukuma ile lenzi chini ili mwanga upite. Wahindi waliijua tiba hiyo tangu kale. Mgonjwa alitakiwa alale chali bila kutikisika kwa siku kadhaa, na hapo ndipo sala ilipoingia.

Imesimuliwa kwamba Abdullah bin Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, macho yalipoingia maji aliambiwa atatibiwa kwa sharti asali amelala siku kadhaa. Akawauliza wakubwa wa zama zake, na katika baadhi ya mapokezi wametajwa Bi Aisha na Bi Ummu Salama. Hawakumruhusu, naye akaiacha tiba. Wanazuoni wameijadili sanadi ya kisa hiki, lakini linalojulikana ni kwamba Ibn Abbas alimaliza umri wake akiwa kipofu, na elimu yake haikupungua.

Je, hukumu ikaishia hapo? Hapana. Imam Malik hakuipenda tiba ya kumfanya mtu asali amelala. Wafuasi wa Abu Hanifa na Ahmad waliruhusu. Katika madhehebu yetu ya Kishafi kulikuwa na kauli mbili, na Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, akaeleza kuwa iliyo sahihi zaidi ni kuruhusu: tabibu anayeaminika akisema jicho litapona kwa kusali umelala, basi sali umelala. Kwa hiyo bibi wa Ushongo anayeogopea sijda yake ana jibu ndani ya madhehebu yake mwenyewe, la zaidi ya miaka mia saba.

Na Waislamu hawakukaa wakisubiri. Zaidi ya miaka elfu iliyopita, Ammar bin Ali al-Mawsili, mzaliwa wa Mosul aliyefanya kazi Misri zama za al-Hakim, aliandika kitabu cha maradhi ya macho. Humo alieleza sindano yenye tundu, ya kuufyonza ukungu badala ya kuusukuma tu. Zama hizo hizo, Cairo hiyo hiyo, Ibn al-Haytham alikuwa akichunguza jinsi mwanga unavyoingia jichoni.

Mwaka 1747 Mfaransa Jacques Daviel akaanza kuitoa lenzi nje ya jicho kabisa. Mgonjwa aliona, lakini kwa miwani minene kama kitako cha chupa. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Daktari Harold Ridley wa London aliona kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege vikiingia katika macho ya marubani, jicho halivikatai. Mwaka 1949 akaanza kupandikiza lenzi ya plastiki, na mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke.

Leo njia kuu ni mbili. Ya kwanza, daktari anakata mlango mdogo, anaitoa lenzi kwa mkono na kuweka mpya, mara nyingi bila kushona. Ya pili, mashine ya mawimbi ya sauti huisaga lenzi na kuifyonza kupitia tundu dogo zaidi. Zote hutumia ganzi, kwa kawaida huchukua chini ya saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Zile siku za kulala chali hazipo tena. Daktari atakwambia muda wa kutoinama, na kwa muda huo bibi atasali amekaa, akisujudu kwa ishara. Akikatazwa maji jichoni, ataosha palipobaki na kutayamamu. Na kwa Kishafi matone ya macho hayafunguzi.

Kilichobaki ni sisi. Kituo cha Kilimanjaro cha afya ya macho ya jamii, kilichoanzishwa Moshi mwaka 2001, kilitoa watafiti walioonyesha kwamba katika nchi nyingi kama zetu wanawake hupata upasuaji huu kidogo kuliko wanaume, ingawa ndio wanaopofuka zaidi. Mwanamke mara nyingi hana fedha mkononi mwake, hana wa kumsindikiza, wala hapendi kuwa mzigo. Kutoka Ushongo ni kuvuka mto Pangani, kisha safari hadi Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Tanga. Bibi asiyeona hawezi kwenda peke yake.

Basi wewe bi harusi mtarajiwa, unapopanga bajeti ya singo, sare na mapambo, tenga nauli ya bibi na ya mtu wa kumsindikiza. Fanyeni mapema, si wiki ya harusi, ili jicho lipate muda wa kupona. Mkaulize pia gharama, na apimwe presha ya jicho, maana si kila asiyeona ana mtoto wa jicho.

Nabii Yaqub, amani iwe juu yake, macho yake yaliingia weupe kwa huzuni ya mwanawe, na Allah akamrudishia nuru kwa kanzu iliyoletwa na mtoto wake. Aliyeileta alisafiri nayo njia nzima. Nasi tusafiri kwa ajili ya bibi zetu.

Allah awape shifaa wazee wetu, awahifadhie nuru ya macho yao. Aamin.