Jumla za Euler

Jumla za Euler ni mifululizo isiyo na mwisho ambayo ndani yake mna namba hamoniki. Namba hamoniki Hₙ ni jumla ya 1 + 1/2 + 1/3 na kuendelea hadi 1/n; kwa mfano, H₄ = 25/12. Jina linatokana na mwanahisabati Leonhard Euler (1707–1783), mzaliwa wa Basel, Uswisi, aliyezijadili katika barua alizoandikiana na Christian Goldbach miaka ya 1742 na 1743.

Iliyo mashuhuri zaidi ni hii:

H₁/1² + H₂/2² + H₃/3² + … = 2ζ(3)

Hapa ζ(3) ni 1 + 1/2³ + 1/3³ + …, yaani karibu 1.20206.

Kwa kuwa Hₙ ni 1/n ikijumlishwa na Hₙ₋₁, upande wa kushoto ni sawa na ζ(3) + ζ(2,1). Alama ζ(2,1) ni jumla ya 1/(n²m) kwa namba asilia zote ambapo n ni kubwa kuliko m; ni mfano mdogo kabisa wa zeta zenye vigezo vingi. Basi kanuni ya Euler inasema kwamba ζ(2,1) = ζ(3): jumla ya namba mbili mbili inageuka kuwa jumla ya namba moja moja, jambo ambalo kwa kuitazama tu mtu hawezi kulitegemea.

Uthibitisho wake unahitaji aljebra ya sekondari tu, pamoja na uangalifu. Chukua S, jumla ya 1/(mn(m+n)) kwa m na n zote kuanzia 1.

Kwanza, 1/(m(m+n)) = (1/n)(1/m − 1/(m+n)). Ukijumlisha kwa m zote, sehemu nyingi zinafutana na kubaki Hₙ/n. Hivyo S = ζ(3) + ζ(2,1).

Pili, 1/(mn) = (1/m + 1/n)/(m+n). Hivyo S = 2ζ(2,1). Majibu hayo mawili yakilinganishwa, ζ(2,1) = ζ(3).

Mwaka 1993 mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, alikokotoa kwa kompyuta jumla ya (Hₙ/n)², akapata karibu 4.59987, akakisia kuwa ni 17π⁴/360. David Borwein na mwanawe Jonathan walithibitisha kisio hilo katika makala ya 1995.

Si kila zeta ya vigezo viwili inarahisishwa hivyo. Kwa ζ(5,3), hadi sasa haijapatikana njia ya kuiandika kwa zeta za kawaida peke yake.