Jemadari Mathews na Jeshi la Unguja

Watu wa Jang'ombe na wa Mji Mkongwe husimuliana habari za vita vya mwaka 1896, lakini ni wachache wamkumbukao mtu aliyeliunda jeshi la Unguja, naye ni Lloyd Mathews.

Mathews alizaliwa Madeira mwaka 1850, akaingia katika jeshi la bahari la Uingereza angali kijana. Alipigana na Waashanti, kisha mwaka 1875 akaletwa Unguja katika manowari London, iliyowekwa hapa kuwazuia wafanyao biashara ya watumwa. Mwaka 1877 Sayyid Barghash alitaka jeshi jipya, kwani walinzi wake wa zamani walikuwa Waarabu na Waajemi, kila kundi likimfuata mkubwa wake. Mathews akawafundisha askari, wengi wao Waafrika, kwenda kwa safu na kutumia bunduki za kisasa. Mwaka 1881 akawa Jemadari, akaiacha kazi ya bahari. Katika mwaka huo huo Kapteni Brownrigg aliuawa karibu na Pemba na wachukuzi wa watumwa, na Mathews ndiye aliyewaandama.

Lakini jeshi halina nguvu kuliko enzi linayoitumikia. Mwaka 1888 Sayyid Khalifa aliwapa Wadachi pwani ya Mrima kwa mkataba. Watu wa Pangani wakaasi, na Mathews alipokwenda kuwatuliza kwa jina la Sultani, hawakumsikiliza, akarudi. Mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka uliofuata Mathews akawa Waziri wa Kwanza, ambaye Sultani hakuwa na uwezo wa kumwuzulu.

Basi tarehe 25 Agosti 1896 alipofariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika kasri bila idhini ya Waingereza. Askari 900 wa Unguja walisimama na Mathews. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zikapiga mizinga, na kwa muda usiotimia saa moja watu wapatao 500 waliokuwa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa.

Mathews alifariki Unguja mwaka 1901. Jeshi lililoundwa kwa amri ya Barghash ndilo lililosimama kinyume cha mwanawe. Upanga humtii aushikaye mpini, wala haumkumbuki aliyeutia makali.