Kutoka Saini hadi Asilimia: Historia ya Udhibiti wa Wizi wa Kitaaluma Vyuoni kwa Kurejelea Mwanza

Wizi wa kitaaluma, yaani kuwasilisha maneno au mawazo ya mtu mwingine kana kwamba ni ya mwasilishaji, mara nyingi huelezwa kuwa tatizo lililoletwa na intaneti. Insha hii inajenga hoja tofauti: kilichobadilika zaidi ni njia ya kulibaini kosa, na badiliko hilo limeziacha tasnifu za Kiswahili bila ulinzi wa kutosha.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kikiwa na Kitivo cha Sheria pekee, kiliwaandaa wanafunzi wake kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi walikuwa wachache kiasi kwamba mwalimu aliweza kuujua mwandiko na uwezo wa kila mmoja, na mtahini wa nje alikuwa jicho la pili. Msingi wa utaratibu huo ulikuwa kuaminiana. Alama yake iliyobaki hadi leo ni ikirari, ukurasa ambamo mtahiniwa hutia saini kuthibitisha kwamba kazi ni yake na haijawasilishwa kwingine.

Upanuzi wa elimu ya juu uliudhoofisha msingi huo. Mjini Mwanza, kituo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa Nyegezi mwaka 1960 na Wamisionari wa Afrika kilizaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998. Mwaka 2003 kikafuata chuo kishiriki cha sayansi za afya huko Bugando. Kitaifa, Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 iliunda Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Madarasa yalipofikia mamia ya wanafunzi, nao mwandiko wa mkono ulipoiachia kompyuta nafasi, jicho la mwalimu lilipoteza ushahidi wake wa kwanza. Kazi iliyochapwa katika duka la steshenari iliweza kuhamia kwa mwanafunzi wa mwaka uliofuata kwa njia ya flashi.

Jibu la vyuo vikuu duniani lilikuwa programu za kupima ulinganifu wa matini. Hata hivyo, programu hizo hazipimi wizi. Huhesabu mifuatano ya maneno inayofanana na iliyomo katika hifadhi yake. Ikirari yenyewe, majina ya nadharia na dondoo zilizotajwa chanzo huweza kupandisha asilimia. Mwanafunzi mwaminifu anaweza kutiliwa shaka, ilhali aliyetafsiri sura nzima kutoka Kiingereza akapita, kwa kuwa maneno yote yamebadilika.

Tafsiri yenyewe si kosa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika riwaya yake kwa Kikerewe katika miaka ya 1940, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1980 kwa jina la *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Safari ya kazi hiyo kati ya lugha mbili inajulikana wazi. Kinachogeuza tafsiri kuwa wizi ni kufichwa kwa chanzo.

Pengo la pili ni fasihi simulizi. Katika ngoma za Kisukuma za Bagika na Bagalu, nyimbo zina watunzi, na manju hushindania sifa kwa utunzi wao. Mtafiti anayeziandika kama "nyimbo za jadi" bila kumtaja manju aliyezitunga amechukua kazi ya mtu, lakini hakuna hifadhi ya kidijitali itakayomshtaki. Mwenye kudhulumiwa hapo ni msanii wa kijijini, ambaye huenda asiione kamwe tasnifu iliyomnufaisha mwingine.

Historia hii inaonesha kwamba asilimia haikuchukua nafasi ya mtahini, ilimwongezea kazi. Kamati inayoweza kumfutia mtu matokeo au kumwondoa masomoni inapaswa kusoma vifungu vilivyolingana, kumsikiliza mtuhumiwa na kutofautisha uzembe wa kunukuu na udanganyifu. Kwa tasnifu za Kiswahili, ushahidi wa ziada ni rasimu, daftari za uwandani, rekodi za sauti na majina ya watoa taarifa walioridhia kutajwa. Utetezi wa tasnifu nao urudishiwe uzito wake, kwa kuwa mwenye kazi huweza kueleza namna alivyoifikia kila hoja.