Muziki wa Dansi Kariakoo, Dar es Salaam

Muziki wa dansi, yaani muziki wa bendi unaopigwa ukumbini kwa magitaa, tumba, tarumbeta na saksafoni, ulitawala usiku wa Kariakoo kwa miongo kadhaa. Baada ya Uhuru, bendi nyingi zilimilikiwa na mashirika yaliyonunua vyombo na kuwalipa wanamuziki mishahara: NUTA Jazz, iliyoundwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964, ndiyo Msondo Ngoma ya leo, na mpinzani wake, Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978, alitamba kwa Sikinde, mtindo wa uchezaji uliomtambulisha. Wimbo ulianza taratibu kwa mashairi, kisha ukaingia kwenye chemko, sehemu ya kasi ambapo magitaa na tarumbeta hujibizana. Tangu miaka ya 1990, redio binafsi na Bongo Fleva, inayotengenezwa studio kwa kompyuta, zimewavuta vijana mbali na kumbi hizo.