Ukuta Mwembamba wa Utumbo

Mwaka 1859, mahakama ya London ilimhukumu tabibu Thomas Smethurst kunyongwa, kwa tuhuma ya kumlisha sumu Isabella Bankes, aliyeandamwa na kuhara na kutapika hata akafariki. Katika kesi hiyo ilidhihirika kuwa shaba aliyoitumia mtaalamu wa sumu, Alfred Swaine Taylor, kupimia ilikuwa na aseniki ndani yake, na baadaye mtuhumiwa akasamehewa. Naye Samuel Wilks, tabibu wa hospitali ya Guy's, alipoukagua utumbo wa marehemu aliukuta umejaa vidonda, vikubwa kwa vidogo. Na barua aliyoichapisha ndiyo ihesabiwayo aghalabu kuwa habari ya awali ya maradhi ya vidonda vya utumbo mpana.

Mwaka 1932, Burrill Crohn na wenzake wawili wa hospitali ya Mount Sinai, New York, walieleza wagonjwa 14 wenye maradhi ya sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, yaliyokuja kuitwa maradhi ya Crohn. Katika zama hizo zote, ngozi laini ya ndani ya utumbo ilitazamwa kama mdhulumiwa: ilionekana imeharibika, wala haikushukiwa kuwa na sehemu katika chanzo cha madhara.

Ilhali ngozi hiyo ni safu moja tu ya seli, zinazofanywa upya kila baada ya siku chache, nazo zimeshikamana kwa viungo ambavyo Marilyn Farquhar na George Palade walivibainisha kwa hadubini ya elektroni mwaka 1963. Na juu yake umetandazwa ute uwazuiao bakteria wasiifikie.

Mwaka 1986, Daniel Hollander na wenzake waliwanywesha watu kemikali isiyomeng'enywa, kisha wakapima kiasi kilichotoka katika mkojo, kwani kilichofika huko hakina budi kimepenya ukuta wa utumbo. Wenye maradhi ya Crohn walipitisha zaidi ya watu wa kawaida. Lakini la ajabu ni kuwa jamaa zao wazima nao walikuwa vivyo hivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020, uliowafuatilia jamaa wa namna hiyo, ulionyesha kuwa waliokuwa na ukuta wenye kuvuja ndio waliokabiliwa zaidi na hatari ya kuugua baadaye.

Hata hivyo wengi wa hao hawakuugua. Kwa hiyo ufa peke yake hautoshi, bali hungoja bakteria, kinga ya mwili na urithi vikutane hapo.