Ngozi Yako Haimwambii Daktari Kama Dawa Itashika

Wasee, leo ni homa ya ini, ile aina ya C. Hii haina haraka. Inakaa kwa ini miaka ishirini kimya, halafu siku moja unaambiwa ini limejaa makovu. Virusi vyake vilitambuliwa 1989, na kwa miaka mingi tiba ilikuwa sindano za interferoni pamoja na vidonge vya ribavirini. Wiki 48, manze! Karibu mwaka mzima unaskia kama una mafua, na wengine walizama kwa huzuni kabisa.

Mwaka 2004 huko Marekani, watafiti walichapisha matokeo ya wagonjwa weusi 100 na weupe 100, wote dawa moja. Weupe waliopona walikuwa asilimia 52. Weusi, 19.

Hapo ndipo maneno huanza. Ati labda weusi hawamezi dawa vile wameambiwa. Utafiti mwingine, wa 2006, uliangalia hadi kiasi cha dawa kila mtu alitumia, na pengo bado likabaki. Sasa jiweke kwa hiyo kiti: daktari anakuangalia sura, anapiga hesabu ya moja kwa tano, anaona hata haifai kukuanzishia.

Halafu 2009 jeni ikapatikana, iko karibu na ile inaitwa IL28B. Ukiwa na aina yake moja, interferoni inashika vizuri. Aina hiyo imejaa sana Asia Mashariki, wazungu wanafuata, weusi wanayo wachache. Lakini skiza hii, mimi ndiyo ilinishika: weusi walio na aina nzuri walipona asilimia 53 hivi, na weupe walio na ile mbaya, 33. Jeni hiyo ilieleza kama nusu ya pengo. Ngozi ilikuwa tu kisio, tena kisio kibaya.

Desemba 2013 sofosbuviri ikaidhinishwa, na ndani ya mwaka mmoja kukawa na tiba ya vidonge pekee. Hivi vinashambulia virusi moja kwa moja, havingojei mwili wako uitikie interferoni. Zaidi ya watu tisa kwa kumi wanapona, weusi kwa weupe.

Bei ya sofosbuviri wakati ilitoka? Dola 1,000 kidonge kimoja. Wiki 12, dola 84,000. Majimbo mengi yakawaambia wagonjwa wa Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wasio na pesa, wangoje kwanza makovu ya ini yazidi ndio walipiwe.